Otopailoti inazimika chini ya tanga, injini ikiwaka inatulia

Swali: Fundi, habari za kazi. Natunza yoti ya mita 11 hapa Kilifi, umeme wake ni volti 12. Tukirudi kutoka Shimoni kusi ikiwa nyuma, otopailoti, kile kifaa kinachoshika usukani chenyewe, inashika vizuri kama nusu saa, halafu kioo kinazimika, kinawaka tena chenyewe, na chombo tayari kimeshageukia upepo. Usiku ndiyo balaa zaidi. Injini ikiwaka haisumbui kabisa. Safari nyingine haizimiki, ila inapotoka njia digrii 10 hadi 20 bila sababu. Nimeambiwa dukani kompyuta yake imekufa, ninunue mpya. Ninunue?

Jibu: Usinunue bado, nahodha. Kompyuta iliyokufa haijui kama injini imewashwa au imezimwa. Altaneta ikichaji, umeme unapanda hadi volti 14 hivi. Ukibaki na tanga tupu unashuka hadi 12 na kitu. Usiku unaongeza taa na friji, unashuka tena. Kusi ya nyuma nayo inanyanyua tezi, yaani nyuma ya chombo, na kuisukuma pembeni, kwa hiyo mota ya usukani inavuta ampea nyingi kwa mkupuo. Hapo volti zinaanguka, kompyuta inajizima na kujiwasha upya, na ikiamka haishiki usukani mpaka uiamuru.

Pima chombo kikiwa kimefungwa, injini na chaja vimezimwa. Weka mita kwenye taminali za umeme za kompyuta yenyewe, si kwenye betri. Kama mita yako inahifadhi kipimo cha chini kabisa, tumia hiyo, maana anguko ni la kufumba na kufumbua. Washa otopailoti, badili njia digrii 40 kushoto kisha kulia, huku mwenzako akiuzuia usukani kidogo. Asiusogelee mkono wa mota wala vidole vyake visikaribie nyaya za usukani. Rudia ukipima betri. Betri ikibaki 12.4 na kompyuta ikaonyesha 10.4, volti 2 zimepotelea njiani. Betri yenyewe ikianguka chini ya 12, anza nayo.

Hesabu yake ni hii. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una omu 0.0074 kila mita. Kutoka betri hadi tezi ni mita 9, kwenda na kurudi 18, jumla omu 0.13. Mota ikivuta ampea 15, unapoteza volti 2 hata kama kila kiungo ni kisafi. Waya wa 10 kwa umbali huohuo unapoteza nusu volti tu. Nyaya nyembamba za namna hii ziko kwenye yoti nyingi, na hakuna kifaa kipya kitakachozishinda.

Sasa tafuta kiungo kibovu. Mota ikiwa inafanya kazi, weka ncha moja ya mita upande mmoja wa fyuzi na ya pili upande wa pili; fanya hivyohivyo kwenye sakiti breka na kila kiungo. Ukiona zaidi ya volti 0.1, hapo pana ugonjwa. Usisahau upande wa hasi. Wengi wanafuata chanya peke yake wanakesha. Kiungo kibovu utakihisi pia kwa mkono, kina joto.

Ukikata waya ukakuta shaba nyeusi, endelea kukata hadi ufikie inayong'aa. Kuikwangua hakusaidii, weusi umeshapanda ndani ya mpira. Tumia waya uliopakwa bati, bana vichwa kwa koleo yake, kisha funika kwa mpira wa gundi unaonywea kwa joto. Vuta waya wa 10 kutoka betri na breka yake pekee, usiishirikishe na friji. Ukubwa wa breka ufuate kitabu cha kifaa. Kuweka kubwa zaidi ili isikate ni kutafuta moto.

Kupotoka kwa digrii 10 hadi 20 ni kesi nyingine, na mshukiwa ni dira ya otopailoti. Fungua kabati ilimo. Mara nyingi nakuta makopo ya maharage, sanduku la spana au spika ya redio, vitu vilivyoingia siku ya kupakia. Ondoa chuma na sumaku zote ndani ya mita moja. Halafu isawazishe upya hapo kwenye mkono wa bahari pakiwa shwari: zunguka taratibu, mwendo usifike maili 2 za baharini kwa saa, kila duara lisipungue dakika 2. Ikikuonyesha kosa linalozidi digrii 15, ihamishe.

Kihisi cha usukani, kinachoiambia kompyuta usukani umekaa wapi, nacho kipime. Kichomoe, kisogeze polepole kutoka mwisho hadi mwisho ukisoma omu. Zipande au zishuke bila kuruka. Zikiruka katikati, pale usukani unapokaa muda mwingi, kimelika.

Mkija juu na kusi, punguza tanga kuu mapema. Chombo kinachotaka kugeukia upepo kila wimbi kinaifanya mota ivute ampea ambazo hazikuhitajika.

Ukishamaliza yote, volti kwenye kompyuta zikawa hazishuki chini ya 11.5 mota ikisukuma, na bado ikajizima, ndipo uifungue. Angalia lehemu ya taminali kubwa kama ina ufa wa duara, na kama kuna kutu ya kijani kwenye bao la kompyuta. Ufa unalehemiwa upya kwa dakika chache. Kutu ikiwa imeingia chini ya vipande vidogo, hapo nunua.