Diski mbili ndani ya kisanduku kimoja si nakala mbili

SWALI: Nina picha, video na hati za familia zinazokaribia terabaiti 2, zilizotawanyika kwenye laptopu mbili na diski ya nje ya zamani. Nimeshauriwa ninunue kisanduku cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, chenye diski mbili, nikaelezwa kwamba nikishakuwa nacho sitahitaji tena nakala za akiba, kwa kuwa diski moja ikifa nyingine inaendelea. Je, nikinunue, au diski ya nje inanitosha?

JIBU: Aliyekueleza kwamba hutahitaji tena nakala za akiba amekupotosha, na kwa kuwa kauli hiyo naisikia karibu kila wiki, nitaanza nayo kabla ya kufika kwenye uchaguzi wenyewe.

Diski mbili zilizopangwa kuwa pacha, mpango uitwao RAID 1, huandikiwa kitu kilekile kwa wakati mmoja. Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoieleza RAID mwaka 1988, walitaka diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya ghali, bila kazi kusimama pindi mojawapo inapokufa. Hiyo ndiyo faida yake, nayo ni ya kweli. Lakini diski pacha haijui tofauti ya kuandika na kuharibu: ukifuta folda, imefutwa kote kuwili papo hapo, na programu ikihifadhi faili bovu juu ya lile zima, ubovu huo unaandikwa mara mbili. Kisanduku kikiibwa, au umeme ukikirudia kwa nguvu na kukiunguza, diski zote mbili zimo humo humo.

Mteja mmoja aliniletea kisanduku cha namna hiyo akisisitiza kwamba diski imekufa, kwa sababu folda yenye picha za miaka sita ya mwanawe ilikuwa imetoweka. Nilipokiwasha, taa zote mbili zilikuwa za kijani. Kumbukumbu zake zilionyesha kwamba folda ilifutwa siku kumi na moja nyuma, saa mbili usiku, kutoka kwenye kompyuta ya sebuleni. Diski zilikuwa nzima kabisa na zilifanana kwa kila kitu, pamoja na kutokuwa na picha hizo. (Vipo visanduku vinavyoweza kukurudishia hali ya mafaili ilivyokuwa jana au juzi, na mpangilio huo uwashwe bila kusita, hata hivyo, hali hizo za nyuma nazo huhifadhiwa ndani ya kisanduku kilekile.)

Sasa uchaguzi. Kama mafaili hayo yanafunguliwa na watu kadhaa kutoka vifaa kadhaa, na yupo mtu nyumbani atakayesasisha programu za kisanduku kila zinapotolewa, kinunue. Kama ni wewe peke yako na kompyuta moja, diski mbili za nje zitakutumikia vizuri kwa usumbufu mdogo zaidi. Kasi isikuhangaishe: kebo ya mtandao wa gigabiti 1 husafirisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, hivyo terabaiti zako 2 zitahamia kisandukuni kwa saa tano hivi, zaidi kidogo kama ni picha nyingi ndogondogo. Usijaribu uhamisho huo wa kwanza kwa Wi-Fi. Vyovyote utakavyochagua, nakala ya akiba iwe kwenye diski mpya ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu, kisha ichomolewe, na nyingine ikae nje ya nyumba hiyo. Diski yako ya zamani usiihesabu.

Tahadhari ya kuchomoa ina sababu. Januari 2022, programu hasidi iitwayo DeadBolt iliingia kwenye visanduku vya namna hii vya kampuni ya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti, ikayafunga mafaili na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mwenye kisanduku. Bado wapo mafundi wanaofungua milango ya ruta, yaani kukiacha kisanduku kifikike moja kwa moja kutoka intaneti, ili mteja aone picha zake akiwa safarini, na wanaiita huduma ya ziada. Fundi akikupendekezea hivyo, mkatalie. Ukihitaji kufika nyumbani ukiwa mbali, pitia VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa kati ya kifaa chako na mtandao wa nyumbani.

Wenye kunichosha zaidi ni waganga wa diski zilizokufa. Wapo wanaoifunga diski kwenye mfuko na kuilaza kwenye friza usiku kucha. Ikitolewa, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya sahani zake, zile zinazozunguka ndani na kubeba data, na kichwa cha kusomea, ambacho huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, hukutana na matone hayo. Wengine huifungua mezani, feni ikipuliza vumbi. Na kisanduku kinapodai kuanzisha diski upya, hubonyeza kukubali bila kusoma, kumbe wamekubali kufuta. Diski ikianza kugonga, zima umeme wakati huohuo, usiiwashe tena hata kwa kujaribu, na umwulize fundi, kabla hujamkabidhi, kama ataanza kwa kuinakili nzima kwenye diski nyingine. Akijibu kwamba ataanza kwa kuisafisha au kuifomati, irudishe mkobani uondoke nayo.