Buibui bapa wa ukutani usiku: anauma?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tumehamia nyumba ya zamani hapa Tanga. Nikiamka usiku kwenda msalani na kuwasha taa, namkuta buibui ukutani, mpana kama kiganja changu, rangi ya kahawia. Nikimsogelea anachomoka kwa ubavu kama kaa na kupotea nyuma ya kabati. Juzi nimemwona amebeba kitu cheupe cha duara, kama sarafu, chini ya tumbo. Siku mbili baadaye mwanangu wa miaka minne kaamka na malengelenge shingoni, yamejipanga mstari. Mama mkwe anasema buibui kamkojolea. Je, nipulizie dawa nyumba nzima?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole kwa mtoto. Nianze na yeye, maana buibui anaweza kungoja.

Buibui hana mkojo wa kuunguza ngozi. Taka zake hutoka nzito na nyeupe, zikikauka zinafanana na tone la chokaa. Ukitazama ukuta chini ya pale anapopenda kukaa utayaona madoa hayo. Malengelenge ya mstari mimi humshuku mdudu mwingine kabisa: mwembamba, mwekundu na mweusi kwa zamu, urefu kama sentimita moja hivi, mwenye tabia ya kuinua mkia. Wengi humwita Nairobi flai, ingawa si inzi bali ni jamaa ya mbawakawa. Haumi wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake na humwagika anapopondwa. Mtoto aliyelala akihisi kitu kinatambaa shingoni, hukipiga na kukiburuza kwa kiganja; pale kiganja kilipopita ndipo patakapowaka na kutoa malengelenge, mara nyingi siku moja au mbili baadaye. Ndiyo maana yanakuja mstari. Mdudu huyu huongezeka baada ya mvua na hufuata mwanga wa taa. Kenya aliwasumbua watu wengi baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Kwa hiyo muoshe kwa sabuni na maji mengi, fua shuka na foronya, mkate kucha asijikune, kisha mpeleke zahanati. Usichelewe ikiwa malengelenge yanakaribia jicho. Huko watahakikisha pia kwamba si mkanda wa jeshi, ugonjwa mwingine ambao buibui husingiziwa siku zote.

Sasa turudi ukutani. Kwa maelezo yako, na hasa kwa ile sarafu, huyo ni buibui mwindaji anayejulikana kitaalamu kama Heteropoda venatoria. Jina hilo la pili ni Kilatini, maana yake mwindaji, na alipewa na Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyewapa viumbe wengi majina yao ya kisayansi, mwaka 1767. Yupo katika nchi karibu zote za joto duniani, na wengi wa wataalamu wanaona asili yake ni Asia, akasambaa na shehena za meli, ndizi zikiwemo. Mji wa bandari kama Tanga ni kwake kabisa.

Mwili wake hauzidi sana sentimita mbili na nusu. Ukubwa unaokutisha ni wa miguu, ambayo akiitandaza hufika sentimita 10 hata 12. Miguu hiyo imejipinda kuelekea pembeni, ndiyo inayompa mwendo wa kaa na kumwezesha kujibana nyuma ya fremu ya picha. Siku ukimpata ametulia, mmulike kwa tochi ukiwa hatua mbili tatu mbali: macho yanang'aa, na chini yake utaona ufito wa rangi ya krimu umevuka uso. Miguuni ana vidoa vyeusi vingi, na kila kidoa kimeota mwiba. Utando hana. Chakula chake anakifuata kwa miguu, na katika nyumba zetu chakula hicho kwa kiasi kikubwa ni mende.

Ile sarafu ni kifuko cha mayai. Ni jike, na ndani yake anaweza kuwa na mayai mia mbili au zaidi. Anakibeba hivyo hivyo mpaka watoto watoke. Nimewahi kukaa jioni nzima nikimwangalia mmoja mwenye kifuko jikoni kwangu: mende alipita karibu na mguu wake wa mbele, akamwacha. Siku nyingine asingesalimika.

Umeuliza kama anauma. Ana meno na ana sumu, na anaweza kuuma akibanwa: ukimshika, ukivaa nguo aliyojificha ndani, au ukimkaribia mno jike mwenye kifuko. Utasikia maumivu makali pale pale na huenda pakavimba kidogo, kisha hutulia. Hatafuti mtu kitandani. Akiuma, osha kwa sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, basi. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba.

Kuna mwembamba na bapa kuliko huyo, mwenye kasi ya kukupotea machoni, ambaye hubandika mayai yake ukutani kama kipande cha karatasi nyeupe. Huyo ni Selenops, naye hana madhara kwa watu.

Ninayetaka umtafute kwa bidii ni mdogo sana, na ndiyo maana watu hawamwogopi. Ni buibui mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus. Mwili wake ni kama punje ya mbaazi, tumbo limeviringana, miguu ina pingili nyeusi na za rangi nyepesi, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa yenye umbo la pembetatu mbili zilizogusana ncha. Utando wake ni ovyo ovyo, lakini uzi ni mgumu; ukiukata kwa kijiti unausikia. Mayai yake humtaja kabla hujamwona mwenyewe: kijifuko cha duara chenye vimiba pande zote, kama tunda dogo la mbono. Naye pia ni mwoga na huuma akibanwa tu, na kwa wengi inaishia maumivu ya pale pale. Lakini mtu aliyeumwa akianza kukaza misuli, kutoka jasho jingi, kuumwa tumbo au kupumua kwa shida, ni hospitali bila kungoja, mtoto hasa. Mkipata picha ya buibui mwenyewe, nendeni nayo.

Na mkienda shamba upande wa Usambara, mwonye mtoto asichokoe mashimo yenye utando mdomoni. Kuna buibui mnene mwenye manyoya, wengine rangi ya chungwa iliyokolea, anayesimama kwa miguu ya nyuma ukimchokoza. Huyo kuumwa kwake kunauma kweli.

Dawa ya kupulizia iache. Buibui aliyepuliziwa hukimbia hovyo na huenda akadondokea kitandani, na mende waliobaki wanapata raha. Ukishindwa kabisa kuishi naye, mfunike kwa bakuli kubwa, pitisha karatasi ngumu katikati ya bakuli na ukuta, umtoe nje pamoja na mzigo wake. Ziba nafasi chini ya mlango kwa kitambaa kilichoviringwa, funika makombo jikoni, na zima taa ya barazani mapema, maana hiyo ndiyo inayowaita wale wekundu-weusi. Chandarua kichomekwe chini ya godoro kabla giza halijaingia. Ukimwona mmoja juu ya mtoto, mpulize kwa mdomo aruke, usimguse.

Kesho mchana, kabla mtoto hajakaa barazani, geuza kiti cha plastiki umtafute yule mjane wa kahawia chini yake, kwenye pembe. Kisha tazama chini ya stendi ya tangi la maji.