Krismasi ukiwa Ughaibuni: Omba Kazi, Usitume Pesa Tu

Juzi nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Shinyalu, kule kwetu Kakamega. Ameingia Doha mwezi wa tisa, analinda jengo, na hii ndiyo Krismasi yake ya kwanza mbali na mamake. Ameniuliza swali moja tu: "Kaka, hiyo siku nitaipitisha vipi?" Nilikuwa dukani hapa Kibuye, Kisumu, mteja amesimama mbele yangu, nikashindwa hata kumrudishia chenji.

Mimi pia nilikuwa mlinzi Doha. Krismasi ya 2016 iliangukia Jumapili. Kwa Wakristo wa kwetu hiyo ni baraka juu ya baraka. Qatar wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, na Krismasi si sikukuu ya serikali, kwa hivyo nilikuwa getini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Saa za Doha na za Kenya ni zilezile. Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilijua kila dakika kwetu wako wapi. Saa mbili watoto wanamkimbiza jogoo. Saa nne ananyonyolewa, kisha anababuliwa motoni mpaka ngozi inukie. Saa saba mama anasonga obusuma, yaani ugali, nami nimesimama juani nafungulia magari ya watu.

Wiki moja kabla nilikuwa nimetuma shilingi elfu thelathini. Nilipopiga simu mchana, hakuna aliyeshika. Usiku ndugu yangu akapiga: soda zimeisha, niongeze elfu mbili, kesho wanaenda Khayega kutazama fahali wakipigana. Hakuniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula mkate na chai ya rangi. Nimemsamehe, lakini siwezi kuandika hapa kwamba nimesahau.

Ilinichukua miezi kuona kosa langu. Tangu baba afariki nikiwa kidato cha pili, mimi ndiye nilikuwa nachinja, mimi ndiye nilikuwa naombea chakula. Mwaka ule nilituma pesa zikanifanyia kila kitu, na boma likasherehekea vizuri bila mimi. Nani angenikosa?

Kwa hivyo 2017, mwezi wa kumi tu, nikampigia mama nikamwambia: nipe kazi. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Basi utachagua kuku, na utaomba." Akanipigia simu kila Jumamosi kunielezea majogoo wake wawili, yupi mzito, yupi anasumbua jirani. Siku yenyewe niliomba kwa simu ya kawaida, spika juu, wakaitikia amina wote. Halafu imondo, yaani firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, na baada ya baba mama alikuwa ananiwekea mimi. Nikamsikia akimwita mtoto wa dada yangu: "Njoo, mjomba wako amekupa hii." Nikasikia mtoto akitafuna. Ndugu zangu, pale getini nililia, na sikuona aibu.

Sherehe ya chakula tulikuwa tumeifanya tayari Ijumaa, tarehe 22, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na ndiyo siku makanisa ya Mesaimeer, huko Doha, hujaa. Tulikuwa kumi na mmoja, Wakenya na Waganda, jikoni mwa kambi ya wafanyakazi. Kuku wa barafu huiva haraka akavunjikavunjika, kwa hivyo mbabue kwanza juu ya gesi, umshike kwa koleo, umgeuze polepole mpaka ngozi ikaze na iwe na rangi ya kahawia, ndipo umchemshe na chumvi na kitunguu basi. Usiweke viungo vya dukani. Ile harufu ya kubabua ikijaa jikoni, watu wa Magharibi mwa Kenya watakuja wenyewe bila kuitwa.

Baada ya kula tulipiga isukuti, ngoma ya kwetu Kakamega. Ngoma zake huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Sisi tulikuwa na mitungi mitatu ya maji, na kijiko juu ya sufuria badala ya njuga. UNESCO waliiweka isukuti mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Usiku ule Mganda kutoka Mbale aliipiga kama aliyezaliwa Ikolomani, na ninajivunia mpaka leo kwamba ni mimi niliyemfundisha.

Sasa sikieni, nyinyi mlio mbali. Usingoje kualikwa, alika. Usingoje tarehe 25, chukua siku uliyopewa. Pesa tuma, lakini kazi itangulie: omba kuchagua kuku, omba kuombea chakula, omba mtoto mmoja apokee kitu kwa jina lako. Nanyi mlio nyumbani, kabla ya kutaja soda na nauli, muulizeni mtu wenu amekula nini.

Na wewe dada wa Shinyalu, usinijibu mimi kwanza. Mpigie mama leo, kabla jogoo hajachaguliwa.