Je, Fulcanelli aligeuza risasi kuwa dhahabu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, Geita. Nimesoma habari za Fulcanelli, mwanaalkemia wa Ufaransa, kwamba mwaka 1922 unga wake uligeuza risasi kuwa dhahabu, kisha akatoweka na baada ya miaka mingi akaonekana akiwa kijana kuliko mwanzo. Kikemia inawezekana? Nina zebaki kidogo na risasi ya betri kuukuu, nataka kujaribu nyumbani.

JIBU: Marahaba. Naanza na sentensi yako ya mwisho: usijaribu. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na ukishavutwa huharibu ubongo na figo. Risasi nayo ni sumu. Funika chupa hiyo barabara, usiipashe moto, mkabidhi mwalimu wako wa maabara.

Sasa kisa chenyewe. Fulcanelli ni jina la kificho. Kitabu chake cha kwanza, juu ya alama za alkemia (ufundi wa kale wa kutafuta kugeuza metali kuwa dhahabu na kupata uzima wa milele) katika makanisa makuu ya Ufaransa, kilitoka Paris mwaka 1926 kwa nakala 300 tu. Dibaji iliandikwa na mwanafunzi wake, Eugène Canseliet. Canseliet huyo huyo ndiye aliyesema kwamba alipewa unga na bwana wake, akageuza gramu 100 za risasi katika kiwanda cha gesi cha Sarcelles, karibu na Paris, mbele ya mchoraji Julien Champagne na mkemia Gaston Sauvage. Na ni yeye tena aliyesimulia kwamba miaka ya 1950 alikutana na bwana wake Hispania. Alimwacha mzee wa miaka themanini hivi. Akamkuta amerudi ujanani. Ukiufuata uzi huu unaona kila fundo limefungwa na mkono mmoja. Watafiti kadhaa wanaamini Fulcanelli alikuwa Champagne mwenyewe, na Champagne alifariki mwaka 1932.

Kikemia, haiwezekani. Risasi ina protoni 82, dhahabu 79. Moto, tindikali na unga wowote hugusa elektroni za nje tu, kwa nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) chache. Kung'oa protoni moja kwenye kiini cha risasi kunahitaji takriban elektronivolti milioni nane. Ndiyo maana kazi hiyo hufanywa na mashine za kuharakisha chembe. Mwaka 1980 kundi la mkemia Glenn Seaborg huko Berkeley, Marekani, lilipata dhahabu kidogo mno kutoka kwa metali ya bismuthi. Mwaka 2025 wanasayansi wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, walitangaza kwamba viini vya risasi vilipopishana kwa karibu sana ndani ya mashine yao, kati ya 2015 na 2018, vilizaliwa viini bilioni 86 vya dhahabu. Vyote kwa pamoja vina uzito wa pikogramu 29 (pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu), na vilivunjika papo hapo.

Mimi kazi yangu ni kupima dhahabu maabara, na hapo ndipo kisa cha Sarcelles kinaponisumbua zaidi. Risasi ni chombo chetu cha kila siku. Tunayeyusha sampuli ya mwamba pamoja na oksidi ya risasi. Risasi inakusanya dhahabu yote iliyomo, kisha tunaiweka kwenye kikombe cha majivu ya mifupa ndani ya tanuru. Risasi inanywewa na kikombe, inabaki punje ya dhahabu. Asiyejua angeapa kwamba ameona risasi ikigeuka! Kwa hiyo kabla ya yote tunaipima risasi peke yake, tujue ilikuja na dhahabu kiasi gani. Huko Sarcelles nani aliipima? Tena, atomu kwa atomu, gramu 100 za risasi zingetoa gramu 95 tu za dhahabu. Nani alishika mizani? Mwaka 1722, miaka mia mbili kabla, Étienne-François Geoffroy aliieleza Akademia ya Sayansi ya Paris hila za aina hii: vyungu vyenye vitako viwili, vijiti vya kukorogea vilivyotobolewa na kujazwa dhahabu, zebaki iliyokwisha kuchanganywa dhahabu.

Kuhusu kuishi milele, ushahidi uliopo ni wa makaburi. Diane de Poitiers, kipenzi cha mfalme Henri II wa Ufaransa, anasemekana alikuwa akinywa dhahabu ili asizeeke. Alifariki mwaka 1566. Watafiti walipopima nywele zake katika karne hii, walikuta dhahabu nyingi kupita kawaida, wakashuku kwamba ilimdhuru. China, mfalme Wuzong wa nasaba ya Tang alikufa mwaka 846, umri wake miaka 31 tu, baada ya kutumia dawa za kutafuta uzima wa milele.

Kama hamu ya kujaribu bado ipo, na natumaini ipo, mwombe mwalimu mfanye hivi, mkiwa mmevaa miwani ya usalama: kipande safi cha shaba kiwekwe kwenye myeyusho wa moto wa zinki salfeti pamoja na chembe za zinki. Kitapata rangi ya fedha. Kioshe, kikaushe, kipitishe kwenye moto wa bana (kichomeo cha gesi cha maabara) sekunde chache tu, kitang'aa kama dhahabu. Hiyo ni brasi, aloi (mchanganyiko wa metali) ya makufuli. Kipimeni uzito kabla na baada, mnitumie namba.