Dengu zimelainika, kashata haigandi: maswali na majibu ya vitafunwa bila mafuta wala sukari ya kuongeza

Maswali mengi ya safari hii yana mzizi mmoja: mtu kaacha mafuta au sukari, kisha kitafunwa kikamgomea. Basi tukumbushane kwanza mafuta yanafanya nini kwenye karai. Yanafikisha moto kila upande wa chakula, yanayafukuza maji yaliyomo ndani haraka, na yanashikisha chumvi na viungo. Ukiyaacha, kazi zote tatu zinakusubiri wewe.

Nilioka dengu bila mafuta. Zilipotoka ovenini zilikuwa zinavunjika vizuri mdomoni, lakini asubuhi yake zimelainika kama nimezichemsha tu. Nimekosea wapi? (Msomaji wa Tanga)

Umezitoa mapema. Ganda lilikauka, kiini bado kilikuwa na maji, na usiku kucha yale maji yakasambaa hadi nje. Hewa ya Pwani nayo ikaongezea.

Chukua gramu 250 za dengu, zile nene za rangi ya maziwa (kwa wasomaji wa Kenya: si ndengu za kijani). Loweka usiku mzima, mwaga maji, kisha chemsha kwenye maji mapya kwa dakika 40 hadi 60. Zinatakiwa ziive bila kupasuka; zikipondeka, ovenini zitageuka unga. Dakika 10 kabla ya kuepua, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Hapo chumvi inaingia ndani ya dengu, na lile tatizo la chumvi kutoshika linaisha mapema.

Chuja, tandaza juu ya kitambaa safi kwa nusu saa, toa maganda yaliyolegea. Oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi, zikiwa safu moja tu, dakika 30 hadi 40, ukitikisa sinia kila baada ya dakika 10. Kisha zima oveni, acha mlango wazi kidogo, na uziache humo humo hadi zipoe, kama saa nzima. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayotoa maji ya katikati. Usionje ya moto ukaamua kwamba ziko tayari, onja iliyopoa. Na usizitie kwenye chupa zikiwa na uvuguvugu, maana mvuke wake utazirudia.

Viungo viende mwishoni. Kitunguu saumu cha unga na pilipili ya unga vikikaa ovenini dakika 40 vinaungua na kuwa vichungu. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha maji mazito ya ukwaju, nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba iliyosagwa, na pilipili kwa kadiri yako. Zigeuzegeuze dengu humo zikiwa zimeshakauka, rudisha ovenini dakika 5 hadi 7 kabla ya kuzima. Ukwaju unashikisha viungo kama yangefanya mafuta, tena unaacha uchachu unaomfanya mtu arudishe mkono kwenye bakuli.

Hizo zilizokwisha kulainika usizitupe. Nyuzi 120, dakika 15, kisha zipoe wazi.

Bisi zangu zinaungua chini huku nusu ya punje hazijapasuka. Na chumvi yote inabaki chini ya bakuli. (Msomaji wa Morogoro)

Punje ya bisi inapasuka kwa nguvu ya maji yake yenyewe. Ina maji kama asilimia 14. Ikifika karibu nyuzi 180 mvuke unaivunja. Bila mafuta ya kusambaza moto, punje za chini zinafika huko wakati za juu bado ni za baridi. Kwa hiyo tumia sufuria zito, na mahindi ya bisi yasiyozidi theluthi ya kikombe ili yakae safu moja. Tia punje tatu kwanza kwenye moto wa wastani. Zikipasuka, mimina zilizobaki, funika, ondoa sufuria motoni kwa sekunde 30, kisha rudisha na uanze kutikisa bila kupumzika. Zile sekunde 30 zinawezesha punje zote zilingane joto. Acha mfuniko na upenyo mdogo mvuke utoke, la sivyo bisi zitakuwa kama mpira.

Chumvi itwange iwe laini kama unga. Tia maji ya ndimu kwenye chupa ya kupulizia, pulizia mara tatu tu kwa mbali, nyunyiza chumvi papo hapo na upete. Ukizidisha maji bisi zinasinyaa. Ikiwa punje zimekaa kabatini muda mrefu, zimeshapoteza maji: kwa kila vikombe viwili tia kijiko kimoja cha chakula cha maji, funga chupa, tikisa, na usubiri siku mbili tatu.

Nimetengeneza kashata za karanga kwa tende badala ya sukari. Hazigandi, zinanata tu mkononi. (Msomaji wa Unguja)

Dada, hazitaganda kama kashata ulizozizoea, na kosa si lako. Shira ya sukari ikichemka hadi karibu nyuzi 150 maji yake karibu yote yamekwisha, ndiyo maana ikipoa inakuwa ngumu kama kioo. Tende zina nyuzinyuzi na maji, na sukari yake inavuta unyevu wa hewa. Ukizipika muda wote huo zitaungua kabla hazijakauka.

Lakini kuna kashata laini, ya kutafuna, ambayo ni nzuri kwa haki yake. Karanga gramu 200, zilizokaangwa kavu, zikamenywa na kutwangwa chenga. Usizifanye unga, zitatoa mafuta yake na donge litateleza. Tende laini gramu 150 zisizo na kokwa. Nusu kijiko cha chai cha iliki, na chumvi kidogo sana, ambayo inakuza utamu wa tende kuliko unavyodhani. Twanga tende peke yake kwanza, kisha ingiza karanga kidogo kidogo. Usiongeze hata tone la maji! Kunata huko unakokulalamikia mara nyingi kunatokana na kuloweka tende. Kama ni kavu, zipitishe kwenye mvuke dakika 5.

Kandamiza kwenye sinia unene wa sentimita moja, weka kwenye friji saa mbili, kata vipande 20. Wasio na friji waoke kwa nyuzi 100 kwa nusu saa, halafu waache sinia lipoe kabisa kabla ya kukata. Ufuta uliokaangwa ukinyunyiziwa juu na chini unazuia vipande kushikana.

Shikamooni. Mama yangu ana kisukari. Nikimtengenezea vitafunwa kwa asali badala ya sukari, atakuwa salama? (Msomaji wa Nairobi)

Marahaba. Hapana, asali haitamsaidia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali na maji ya matunda pamoja na sukari, na linataka jumla yake isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai kwa siku nzima.

Tende nazo, karibu theluthi mbili za uzito wake ni sukari. Kashata tuliyoieleza hapo juu ina kama gramu 5 za sukari kwa kila kipande, sawa na kijiko kimoja cha chai. Kipande kimoja, tena baada ya chakula, si mlo wa kupitishia mchana. Kwa kila siku mpe karanga ngumi moja au dengu zile za ukwaju. Dengu pia zina wanga, kwa hiyo mpimie kikombe cha kahawa, asile kutoka kwenye chupa. Kama anatumia insulini au vidonge, usibadilishe saa zake za kula kabla ya kuongea na kliniki yake.

Nina karanga zimeota ukungu kidogo. Nikizikaanga sana ukungu si unakufa? (Msomaji wa Dodoma)

Ukungu unakufa, sumu yake inabaki. Sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Tupa zote, na usiwape kuku.

Ukinunua mpya, chambua kabla ya kukaanga: toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Ukitafuna ikawa chungu, tema. Kisha nusu kilo ya karanga na nusu kilo ya chumvi kwenye karai zito, moto wa wastani. Pasha chumvi peke yake dakika 5, ingiza karanga, koroga mfululizo dakika 15 hadi 20. Chumvi inafanya kazi ya mafuta kwa kuzungushia kila punje joto, na karanga zinazoingia kavu hazitoki na chumvi nyingi. Zikianza kualika na ganda likatoka kwa kusugua vidoleni, mimina kwenye chekeche mara moja. Toa zikiwa na rangi nyepesi kidogo kuliko unayoitaka, kwani zinaendelea kuiva kwa joto lake. Chumvi ile iweke, itakufaa mara nyingi.

Kachiri za muhogo bila kukaanga zinakuwa ngumu kama ngozi. (Msomaji wa Mombasa)

Umekata nene au moto umezidi. Muhogo uwe mtamu, ule mchungu una sumu ambayo kuoka kwa muda mfupi hakuitoi. Kata unene wa milimita moja, chovya kwenye maji yanayochemka yenye chumvi dakika mbili, suuza ule utelezi wa wanga, kausha kwa kitambaa. Oka nyuzi 150, dakika 25 hadi 35, ukigeuza mara moja. Kwenye nyuzi 200 kingo zinaungua na katikati inabaki mbichi. Pilipili nyunyiza zikiwa za moto, ndimu kamulia ukiwa tayari kula, si kabla. Hazitakuwa zile za barabarani. Ni kavu zaidi, zinavunjika upesi, na zinapendeza zikichovywa kwenye chatini ya ukwaju.