Kutoka forodhani hadi kupima programu: andika ripoti kwanza, cheti kitafuata

Ukitaka kuhamia kazi ya kupima programu za kompyuta na simu, andika ripoti moja nzuri ya kasoro kabla hujalipa chochote kwa ajili ya cheti. Nasema hivyo nikiwa mama wa watoto wawili hapa Lubumbashi. Nilifanya kazi ya udeklaranti, yaani uwakala wa forodha, kwa miaka mingi kabla ya kuanza kulipwa kwa kutafuta makosa katika kazi ya watu wengine. Shangazi yangu hadi leo anacheka: “Banakulipaka juu ya kutafuta makosa ya benzako? Ile shiye tunafanyaka bule!”

Wengi wanadhani mpimaji anabofya huku na huku mpaka kitu kiharibike. Kubofya ni sehemu ndogo. Unasoma programu iliahidi kufanya nini, unaitumia jinsi mteja atakavyoitumia na jinsi ambavyo hakutegemewa kuitumia, kisha unaandika tofauti kati ya ahadi na hali halisi, kwa maneno ambayo mtu asiyekuwepo anaweza kuyafuata na kuona ulichokiona. Hayo maandishi ndiyo kazi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaowaambia wanawake waliosomea biashara, ualimu au uuguzi kwamba lazima kwanza wajue kuandika programu. Itasaidia baadaye, lakini si pa kuanzia.

Forodhani nilikuwa nikilaza ankara, orodha ya vifurushi na tamko mezani, nikitafuta mahali vinapokataa kupatana. Uzito bila vifungashio ukizidi uzito wa jumla, kuna mtu amekosea, na ni heri nimwone mimi kabla ya mkaguzi wa DGDA, idara ya forodha. Mtu aliyezoea kuingiza tamko kwenye Sydonia World, mfumo wa kompyuta wa forodha, anajua tayari kwamba kila sehemu ya fomu ina masharti yake. Wapimaji wana mbinu ya kupima mipaka: kama nenosiri linatakiwa liwe na herufi 8 hadi 20, jaribu 7, 8, 20 na 21, kwa sababu makosa hupenda kukaa mipakani. Mtu aliyefanya kazi mpakani Kasumbalesa hahitaji kufundishwa hilo mara mbili.

Usiidharau pia elimu ya kuwa mtu wa hapa. Fomu iliyotengenezwa ng'ambo inataka jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Sisi tuna nom, postnom (jina linalofuata nom) na prénom (jina la kwanza). Postnom inaingia wapi? Mmoja ataiandika pamoja na nom, mwingine ataiacha, na siku ya kuthibitisha kadi ya mpiga kura majina hayalingani. Nambari ya simu mmoja anaianza na 0, mwingine na +243. Je, programu inajua ni mtu yuleyule? Halafu fedha. Bei iko kwa dola, mteja analipa sehemu kwa dola na sehemu kwa franka. Akirudishiwa, anarudishiwa kwa sarafu ipi, na kwa kiwango cha siku ipi? Kambisti (mbadilisha fedha) yeyote wa mjini anaweza kukaa na watengenezaji programu na kuwauliza maswali yatakayowanyima usingizi.

Sasa ripoti yenyewe. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya programu ya kulipia karo za shule. Aliyenipa hakuuliza cheti. Aliniachia toleo la majaribio na kusema niandike nitakachokiona. Ningeweza kuandika “tarehe zina matatizo”, na hakuna ambaye angefanya lolote. Niliandika hivi:

Kichwa: Stakabadhi inaonyesha tarehe ya jana kwa malipo yanayofanywa Lubumbashi kati ya saa 6 na saa 7 usiku.
Mazingira: simu ya Android, intaneti ya simu, saa ya simu ikiwa ya Lubumbashi.
Hatua: ingia kama mzazi; chagua mtoto; lipa kiasi chochote saa 6:20 usiku; fungua stakabadhi.
Kilichotarajiwa: tarehe ya siku iliyoanza.
Kilichotokea: tarehe ya siku iliyopita.
Madhara: malipo ya tarehe 1 yanaingia kwenye hesabu za mwezi uliopita, na kama karo ilikuwa kwa dola, kiwango cha ubadilishaji kinakuwa cha siku nyingine.

Mtengenezaji alijibu kwamba kwake kila kitu kinakwenda sawa. Bila shaka kilikwenda sawa, yeye alikuwa Kinshasa! Kinshasa iko saa moja nyuma yetu: sisi tukiwa saa 6:20 usiku, kule ni saa 5:20 na siku haijageuka. Seva, yaani kompyuta kuu ya programu, ilikuwa ikifuata saa ya kule. Sikubishana naye. Nilimwomba tu aiweke simu yake kwenye saa ya Lubumbashi, afuate hatua zilezile wakati wetu, kisha anitumie picha ya stakabadhi. Picha ilipokuja, mjadala ulikwisha.

Angalia kilicho ndani ya ripoti hiyo. Kichwa kinataja kitu, mahali na wakati. Hatua ni chache na zinafuatana. Hakuna lawama kwa mtu. Na sehemu ya madhara inaongea na mwenye biashara, ambaye hajali habari za seva lakini anajali sana hesabu za mwisho wa mwezi. Sehemu hiyo wapimaji wengi wanaiacha, na mimi naona ndiyo inayoamua kama kasoro itarekebishwa wiki hii au itasahaulika. Kama ulikuwa muuguzi, mhasibu au karani wa ghala, madhara unayaona haraka kuliko kijana aliyetoka chuoni jana.

Mazoezi unaweza kuyafanya bure. Kuna Sauce Demo, duka la bandia mtandaoni lililowekwa kwa ajili ya wanaojifunza; ukiingia kwa jina la problem_user, utakuta kasoro zimepandwa humo kwa makusudi. Ziandikie ripoti kwa Kifaransa, uzihifadhi, na hizo ndizo utakazomwonyesha mwajiri. Ukishazoea, kivinjari cha Firefox kinapokea ripoti kutoka kwa mtu yeyote. Lakini usiingie kwenye mifumo ya benki au ya kampuni ya simu kwa kisingizio cha mazoezi. Tuna Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, tangu Machi 2023, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa la jinai. Kutumia akaunti yako kama mteja ni sawa. Kujaribu kufungua ya mwenzako si sawa, hata kama nia yako ni njema.

Kuhusu cheti: kinachojulikana zaidi ni cha ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya upimaji, ngazi ya Foundation, yaani ya mwanzo. Muhtasari wa masomo yake unapakuliwa bure, na upo kwa Kifaransa. Mtihani una maswali 40 kwa dakika 60, unafaulu ukipata 26. Ukiufanya kwa lugha isiyo yako unaongezewa dakika 15. Soma muhtasari mapema, ulipie mtihani utakapoona matangazo ya kazi unayoyataka yanakidai. Humo kuna sentensi moja ya kuishika kwa moyo: kupima kunaonyesha kwamba kasoro zipo, hakuwezi kuthibitisha kwamba hazipo. Utaihitaji siku bosi atakapokuuliza, mbele ya watu, “Kwa hiyo sasa iko safi?”

Baada ya hapo jifunze SQL kidogo, lugha ya kuuliza hifadhidata, uweze kuangalia kama kilichoandikwa kwenye skrini ndicho kilichohifadhiwa, kisha Postman, zana ya kupima jinsi programu zinavyotumiana taarifa. Playwright na Selenium, zana za kufanya upimaji ujiendeshe wenyewe, zinaweza kungoja.

Vifaa. Kompyuta ya mkono iliyotumika inatosha, ila chagua yenye betri inayodumu, maana delestaji (mgao wa umeme) haikungoji. Nunua na simu ya Android ya zamani yenye nafasi ndogo, kwa sababu wateja wengi ndizo walizo nazo, na kasoro nyingi zinajificha huko. Kwenye Chrome kuna zana za watengenezaji zinazokuwezesha kupunguza kasi ya intaneti kwa makusudi, ingawa hapa Lushi mara nyingi hutahitaji kuzigusa. Ngoja tu mtandao wa jioni. Mega za intaneti zitakula fedha yako kuliko unavyofikiri. Pakua masomo usiku, soma mchana bila mtandao.

Nyumbani kwangu ugumu haukuwa masomo. Ulikuwa kwamba mwanamke anayekaa mbele ya kompyuta nyumbani anaonekana hana kazi, basi kila mtu anamtuma. Dawa niliyoipata ni saa za kudumu na mlango uliofungwa, na kazi ya kupika bukari (ugali) ya mchana kugawanwa na wengine waliomo nyumbani. Mume wangu aliielewa haraka alipoona malipo ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa anavumilia tu.

Kazi zenyewe zipo kwa benki, kampuni za simu, migodi na vijana wanaotengeneza programu mjini. Kwa walio Goma na Bukavu, mlango mwingine ni mashirika yanayokusanya takwimu kwa KoboToolbox, programu ya kutengeneza fomu za maswali. Fomu yenye maswali mengi inahitaji mtu wa kuipitia kabla haijaenda vijijini: swali la ujauzito lisimtokee mzee wa kiume, umri usikubali 200. Huko ni kupima hasa, hata kama tangazo linaita kazi hiyo jina lingine.

Na bei. Ukiambiwa utalipwa kwa kila kasoro, kataa, uombe malipo ya siku au ya kazi nzima. Ukilipwa kwa kasoro, kila ripoti inageuka ugomvi wa kama hii ni kasoro au si kasoro, na siku ambazo programu ni nzuri unalala bila chochote ingawa umefanya kazi ileile. Kwa wateja wa nje, uliza pia fedha itafikaje Lubumbashi, na uulize kabla ya kufungua toleo la kwanza.