Aliyetikisika ubongo ale nini?

Pole sana mkuu, na mdogo wako mpe pole. Umeuliza ale nini baada ya kugongana vichwa na mwenzake uwanjani, na kama ile mikebe ya virutubisho mnayouziwa itamponya haraka. Mimi nilitikisika ubongo nilipoanguka na bodaboda, nakujibu kwa niliyopitia.

Kwanza hatari. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiongea kilevi, akipata degedege, mkono au mguu ukiishiwa nguvu, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Ubongo hutumia takribani asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Ukitikisika, seli zake hutaka sukari zaidi wakati huohuo damu inayozifikia inapungua. Kwangu njaa ndiyo iliyokuwa inaamsha maumivu ya kichwa. Sahani ya ugali ilinitia kichefuchefu, basi mke wangu akawa ananilisha kidogo kidogo: uji wa ulezi, yai la kuchemsha, ndizi mbivu, dagaa na mchicha, maharage jioni. Maji kila mara. Dagaa wana omega-3, mafuta ambayo ubongo umejengwa nayo kwa sehemu, ila ushahidi kwamba vidonge vyake vinaponya mtikisiko kwa binadamu bado ni hafifu. Hela ya mikebe nunueni chakula. Pombe asiguse, na kahawa jioni aiache, itamnyima usingizi.

Kuhusu usingizi, wapo watakaosema msimwache alale. Kama daktari amemwona na hana dalili hizo za hatari, alale. Lakini asifungiwe gizani wiki nzima! Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 wanashauri apumzike siku moja au mbili, apunguze simu, kisha aanze kutembea taratibu, akipunguza mwendo dalili zikizidi. Shingo nayo ichunguzwe. Maumivu yangu ya kisogoni yalitoka shingoni, na mazoezi ya fiziotherapia ndiyo yaliyoyaondoa.

Maumivu mpeni paracetamol. Aspirini na diklofenaki siku za mwanzo hapana, zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Mpira asicheze hadi daktari amruhusu, maana pigo la pili kabla hajapona ni hatari zaidi.

Ametapika tangu jana? Na hospitali wamempa dawa gani? Andika hapa.